Pengo Kwenye Matokeo Haliзibwi kwa Cheti cha Mwingine



Sisi tunashona magauni ya harusi na mabaibui hapa Majengo, Moshi. Wasichana wengi wanaokaa na sisi cherehani kwa cherehani wamemaliza kidato cha nne. Mmoja wao hushuka na daladala kila asubuhi kutoka Old Moshi. Mwaka jana alitaka kuomba chuo cha uuguzi. Tulipokaa naye kujaza maombi tukaona pengo: Kemia haikuwa na alama. Mtihani aliufanya, lakini kwenye matokeo hapakuwa na kitu, na uuguzi bila Kemia hupokelewi.

Shangazi yake akaja na dawa ya haraka. "Binamu yako ameolewa Tanga, cheti chake kimelala kabatini. Kitumie hicho, nani atajua?"

Shangazi alisema kwa mapenzi, hatumlaumu. Lakini sisi tulikataa, na tunasema hapa kwa nini.

Fundi akikosea kipimo cha bibi harusi, haazimi kipimo cha bibi harusi mwingine. Anamwita mwenyewe, anampima upya. Gauni la kipimo cha mtu mwingine litakuumbua siku ya siku, mbele ya watu.

Wengi mnakumbuka mwaka 2017. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipokamilika, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na wengine walikutwa wawili au zaidi wanatumia cheti kimoja. Wapo waliokuwa kazini miaka mingi, wana watoto na mikopo. Na hata usipokamatwa, dada, mshahara uliojengwa juu ya uongo utaulisha watoto kwa moyo gani? Halafu uuguzi ni amana ya roho za watu.

Basi ufanye nini? Kwanza, usinyamaze. Rudi shuleni kwako ukiwa na namba yako ya mtihani na mwaka, umwone mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, uandike barua na ubaki na nakala. Shule ndiyo yenye kumbukumbu zako na ndiyo inayowasiliana na Baraza la Mitihani. Kuuliza si utovu wa adabu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa Februari 2013, yakafutwa, yakachakatwa upya na kutangazwa tena Mei. Kama ya taifa zima yalirekebishwa, lako moja halishindikani kuulizwa. Na kama kweli somo hukulifanya au hukufaulu, unaweza kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hiyo si aibu.

Pili, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe ndipo uangalie matokeo. Binti yetu alichelewa hapo. Alipata jibu, alama yake ikaonekana, lakini dirisha lilikuwa limeshafungwa. Alilia siku mbili. Kisha akarudi kwenye cherehani, na mwaka huu anaomba tena kwa jina lake mwenyewe.

Tatu, mabibi harusi, hili ni lenu. Tunawaona mnavyopanga sanduku: kanga, manukato, dhahabu. Wekeni na bahasha ya vyeti. Wengi huviacha kwa wazazi, nyumba inavuja masika au watu wanahama, na miaka mitano baadaye mtu anatafuta cheti hakioni. Na msikimbilie kubadili jina. Dini yetu haimtaki mwanamke aache jina la baba yake kwa sababu ameolewa. Jina la kitambulisho likitofautiana na la cheti, chuo kitakuuliza wewe ni yupi kati ya hao wawili.

Unguja na Pemba mtihani wa kidato cha nne ni huu huu wetu, kwa hiyo shida hii si ya mlimani peke yake. Leo usiku, kabla hujalala, toa cheti chako ukisome mstari kwa mstari. Ukikuta pengo, anza kuuliza kesho asubuhi.

Allah awafungulie milango ya kheri.