Kabla ya kusema mtoto hasikii, apimwe sikio



Tukisema "mtoto huyu hasikii," tunaweza kuwa na maana mbili: ni mkaidi, au sauti haimfikii. Maoni yangu ni kwamba tuichunguze kwanza hiyo ya pili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, lakini mkuu ahakikishe kwanza kwamba limesikika.

Mtoto akipata mafua, vijidudu hupanda hadi sikio la kati kwa mrija unaotoka nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala, ndiyo maana wadogo huugua zaidi kuliko sisi. Moshi wa sigara nyumbani huongeza hatari. Dalili ni maumivu, homa, kulia usiku, kuvutavuta sikio, kukataa kula, au usaha.

Maumivu yakiisha, majimaji yanaweza kubaki ndani kwa wiki kadhaa, hata miezi 3. Mtoto haumwi tena, lakini anasikia kama aliyezibwa masikio. Darasani anaambiwa "kaa," anasikia "taa." Nyumbani anaongeza sauti ya televisheni. Mwishowe mzazi anasema Kiswahili kimemshinda, anaacha kumsemesha. Hapo tumempotezea mtoto lugha kwa sababu ya ugonjwa unaotibika.

Sikio likiuma, mpe parasetamoli kulingana na uzito wake. Wengi hupata nafuu ndani ya siku 2 au 3. Antibiotiki si lazima kila mara. Daktari akiziandika, maliza dozi. Bibi zetu walitumia mafuta ya moto na maji ya kitunguu kwa nia njema, ila tuyaache: yanaunguza, na kiwambo kikiwa kimetoboka yanaingia ndani. Vijiti vya pamba pia tuviache.

Usisubiri ikiwa mtoto ana chini ya miezi 6, ana homa kali, anatoka usaha, amevimba nyuma ya sikio, au siku 3 zimepita bila nafuu. Chukua kadi yake ya afya, nendeni kituo cha afya mlichoandikishwa.

Nanyi watoto, sikio likiuma au likiziba, semeni. Si aibu.

Wazazi, tuambieni na sisi walimu. Tutamkalisha mbele, tutamwangalia usoni tukizungumza, na tutarudia neno bila kumkaripia.