Mbwa Mzee Hana Kiinua Mgongo

Jumamosi ndiyo siku ya pilikapilika katika makao ya mbwa nchini Marekani. Familia huingia na watoto, kijibwa cha miezi mitatu kikalamba vidole, fomu zikatiwa saini, safari ya nyumbani ikaanza. Banda la pili yupo mbwa wa miaka 12, mvi zimemjaa mdomoni, ukungu umemwingia machoni. Watu husema "maskini" wakapita. ASPCA, chama kikubwa cha kutetea wanyama nchini humo, kimekadiria kuwa mbwa wachanga wanaopata makazi mapya ni asilimia 60, ilhali kwa wanyama wazee ni asilimia 25 tu. Makadirio yake ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa mbwa wapatao 390,000 walikuwa wakiuawa katika makao hayo kila mwaka.

Wengi wa wazee hao hawakumng'ata mtu. Bwana wao amefariki, na warithi wamegawana kila kitu isipokuwa mbwa. Au bibi amehamishiwa kwenye nyumba ya wazee isiyoruhusu wanyama. Au daktari wa mifugo ametaja bei ya upasuaji, na mwenye mbwa akaona heri amwache mlangoni pa makao.

Sherri Franklin, msusi wa San Francisco, alikuwa akijitolea katika makao ya wanyama, na akachoka kuona mbwa wazee wakipelekwa kuchomwa sindano ya mwisho kwa kosa la umri. Mwaka 2007 alianzisha Muttville, akaanza kwa kuwaweka mbwa nyumbani kwake mwenyewe. Shirika hilo hupokea mbwa wa kuanzia miaka saba. Hawafungiwi vizimbani: hulala kwenye makochi na magodoro, wakizungukwa na watu. Sasa huokoa zaidi ya mbwa elfu moja kwa mwaka. Mtu aliyetimiza miaka 62 hatozwi ada ya kumchukua mbwa, na hapo kuna akili, kwani mstaafu anayeshinda nyumbani na mbwa anayesinzia mchana kutwa wanafaana kuliko kijana mwenye kazi mbili na kijibwa kinachotafuna viatu.

Lakini jambo la kuigwa zaidi ni mpango wao kwa wale wasiopona. Mbwa mwenye saratani, moyo uliochoka au figo zilizokwisha hapelekwi kuuawa maadamu bado anakula na kutikisa mkia. Hukabidhiwa familia inayojua tangu mwanzo kwamba amebakiza miezi, pengine wiki. Familia hutoa mahali pa kulala, mkono wa kumpapasa na macho ya kumwangalia usiku. Shirika hulipa matibabu. Mgawanyo huo ndio siri ya mpango mzima. Huruma haikuadimika hata siku moja, ila bili ya daktari ndiyo inayowarudisha watu nyuma, na ukiiondoa unakuta majirani wengi wako tayari.

Malezi yenyewe ni kazi. Sakafu ya vigae humtelezesha mwenye baridi yabisi, kwa hiyo hutandikwa mikeka njia nzima kutoka kitandani hadi kwenye bakuli. Mwenye figo mbovu hunywa maji mengi na kuomba kutoka saa nane za usiku. Wengine akili huwapotea: husimama pembeni ya ukuta wakiutazama, au huzunguka chumba usiku wasijue wanatafuta nini. Dawa za maumivu hutolewa na daktari kwa kipimo cha uzito wa mbwa, maana ibuprofen ya kwenye kabati la nyumbani, hata iwe kidogo, huweza kumtoboa tumbo na kuua figo.

Siku hizi kuna mtindo wa kumfanyia mbwa anayekaribia kufa orodha ya starehe: baga, pwani, picha mitandaoni. Picha hizo ni tamu kwa anayezitazama. Mnyama mwenyewe chakula cha mafuta mengi huweza kumletea uvimbe wa kongosho, na safari ndefu humchosha tu. Anachotaka ni kivuli, chakula kwa saa zile zile, na watu anaowatambua kwa harufu.

Nani ataamua kwamba imetosha? Dkt. Alice Villalobos, bingwa wa saratani za wanyama huko California, alitunga kipimo mwaka 2004 ambacho madaktari wengi wanakitumia. Kina mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na iwapo siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja hupewa alama sifuri hadi kumi. Jumla ikizidi 35, uangalizi unaendelea. Ikishuka, mazungumzo ya sindano yanaanza. Kipimo hicho humzuia mlezi kumkatia mbwa tamaa mapema. Humzuia pia kumng'ang'ania mnyama anayeteseka kwa sababu tu yeye hajawa tayari kulia.

Huku kwetu, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, lango lenye kibao cha "Mbwa Mkali" halina upungufu. Mbwa huyo hulinda mali kwa miaka kumi, na mlio ukififia huachwa nje ya lango au hupelekwa mbali na kushushwa barabarani. Asante ya punda ni mateke, wanasema wahenga, ila hapa anayepiga mateke ni binadamu.

Hoja ya kwamba watu wanalala njaa itatajwa, na ni hoja nzito. Lakini aliyeweza kumlisha mbwa alipokuwa akimlindia gari hajapungukiwa kitu mbwa alipozeeka. Hoja ya dini nayo haizuii. Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii wanajua hukumu ya mate ya mbwa, na pia wanajua hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu kisimani. Hakuna anayelazimishwa kumweka sebuleni. Banda kavu lenye gunia safi na maji linatosha.

Nairobi, chama cha KSPCA huwatafutia mbwa na paka makazi mapya. Vyuo vya udaktari wa mifugo viko Kabete na Morogoro, vikiwa na wanafunzi wanaohitaji wagonjwa wa kujifunzia. Makao ya hapa yangeweza kujaribu mkataba wa namna ya Muttville kwa mbwa wachache tu: kliniki ya chuo itoe chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa za maumivu na uchunguzi wa kila mwezi, familia itoe banda na chakula, na gharama ya sindano ya mwisho ilipwe siku ya kwanza, mbwa angali mzima, ili ikifika wakati wake asiwepo mtu wa kuahirisha kwa kukosa pesa.