Ufadhili wa Masomo Usigeuzwe Nira

Wako watu wanaoamini kwamba fedha ikishaitwa mchango imekwisha takasika, na kwamba aliyeitoa hana tena cha kuulizwa. Imani hiyo imeota mizizi hasa katika michezo. Mashabiki wanapotangaza kwamba wamekusanya fedha zao wenyewe ili kijana hodari wa mbio au wa mpira apate kusoma chuo kikuu, makofi hupigwa, hotuba hutolewa, na yeyote anayethubutu kuuliza fedha hizo zinanunua nini huonekana mtu mwenye kijicho. Swali hilo hata hivyo halina budi kuulizwa, na mahali pa kuliulizia ni Marekani, kwa kuwa huko ndiko desturi hiyo ilikokomaa na ndiko matunda yake yanakoonekana waziwazi.

Mwaka 1934, katika jimbo la South Carolina, bei ya pamba ikiwa imeanguka na wakulima wengi wakiwa katika dhiki, Dr. Rupert Fike, mhitimu wa Chuo cha Clemson, aliongoza wenzake kuanzisha chama cha kuichangia timu ya chuo hicho ya kandanda ya Kimarekani. Jina la chama, IPTAY, lilikuwa ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "ninatoa kumi kwa mwaka". Kila mwanachama alitakiwa kutoa dola 10, na fedha hizo zikawa chimbuko la ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Dola 10 katika mwaka ule hazikuwa fedha za mchezo. Aliyezitoa alijinyima kitu fulani nyumbani kwake, na haitakuwa haki kumdhihaki. Wapo vijana wa wakulima waliopata elimu kwa njia hiyo ambao bila dola hizo wangebaki nyuma ya jembe. Ukweli huo ukubaliwe tangu mwanzo, maana hoja isiyotaka kuona wema wa mpinzani wake ni hoja dhaifu.

Lakini vijana hao walikuwa akina nani? Clemson ni chuo cha umma, kinachopata fedha za jimbo zima, na mtu mweusi wa South Carolina alilipa kodi kama mwingine. Mwanafunzi mweusi wa kwanza, Harvey Gantt, aliingia chuoni hapo mwezi wa Januari 1963, tena kwa amri ya mahakama. Hiyo ina maana kwamba kwa karibu miaka 30 dola kumi-kumi za mashabiki zilimtafuta kijana hodari katika sehemu moja tu ya wananchi. Mashabiki hawakuitunga sheria hiyo ya ubaguzi. Waliikuta, wakaizoea, wakachangia juu yake. Ndiyo tabia ya mchango wa hiari: humfikia yule ambaye mtoaji yuko tayari kumwona, na kumruka yule asiyeonekana. Ofisi ya serikali ikimnyima mwananchi haki yake kwa sababu ya rangi, yupo wa kushtakiwa. Chama cha mashabiki kikimruka, eti ni hiari yao.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu mmiliki wa ufadhili wenyewe. Mwaka 1956 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliruhusu mchezaji alipiwe gharama zote za masomo kwa sababu ya mchezo wake tu, hata kama wazazi wake wana uwezo. Mwanzoni wengi waliahidiwa miaka 4. Mwaka 1973 sheria ikabadilishwa: ufadhili ukawa wa mwaka mmoja mmoja, unaoweza kuendelezwa au kukatwa. Mwalimu yeyote anayesoma habari hii ataona mara moja maana yake. Kijana aliyevunjika goti mwezi wa Oktoba hakuwa na hakika ya kurudi darasani Septemba iliyofuata. Aliyeshika hatima ya masomo yake hakuwa profesa wake, wala msajili wa chuo. Alikuwa kocha.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka 40. Ni mwaka 2012 tu ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ahadi ya miaka kadhaa, na Januari 2015 ndipo jumuiya 5 kubwa za vyuo zilipokubali kwamba mchezaji asinyang'anywe ufadhili kwa sababu kiwango cha mchezo wake kimeshuka. Msomaji azitazame tarehe hizo kwa utulivu. Katika miaka yote hiyo mashabiki walikuwa wakichanga bila kukoma, viwanja vikapanuliwa, lakini chama cha mashabiki kilichogoma kutoa hadi kijana mwenye goti bovu ahakikishiwe masomo yake hakikusikika.

Wala wakubwa wa michezo hiyo hawakuwa wajinga wa jambo walilolifanya. Mwaka 1955 mchezaji mmoja, Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani akiichezea Fort Lewis A&M ya Colorado. Mjane wake aliomba fidia wanayopewa wafiwa wa mfanyakazi aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ilimkatalia: marehemu hakuwa mfanyakazi. Katika miaka hiyohiyo NCAA, chini ya Walter Byers, ilibuni na kueneza neno "mwanafunzi-mwanamichezo", ili mchezaji asije akahesabiwa mfanyakazi. Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, aliandika kitabu mwaka 1995 akiushambulia mfumo alioujenga. Kukiri baada ya pensheni ni bora kuliko kutokukiri kabisa, lakini mjane wa Colorado hakufaidika nako.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi huu. Kama kijana anasoma, basi afadhiliwe asome, na goti lake lisiulizwe. Kama anafanya kazi, basi alipwe mshahara uitwao mshahara, wenye mkataba, bima na fidia. Udanganyifu mkubwa wa zaidi ya nusu karne ulikuwa kuvichanganya vitu hivi viwili: alidaiwa jasho la mfanyakazi, na alipodai haki ya mfanyakazi akakumbushwa kwamba yeye ni mwanafunzi.

Wenye fedha, kwa upande wao, hawakuridhika na ufadhili wa halali. Katika Southern Methodist University ya Dallas, shabiki tajiri alitoa fedha za siri, na katika mwaka wa masomo wa 1985-86 wachezaji 13 waligawiwa jumla ya dola 61,000. Februari 1987 NCAA iliifungia timu hiyo msimu mzima, na chuo chenyewe kikaacha kucheza msimu wa pili pia. Machi mwaka huohuo Gavana Bill Clements wa Texas, ambaye alikuwa ameongoza baraza la chuo hicho, alikiri kwamba yeye na wenzake waliridhia malipo hayo yaendelee kwa muda, kwa kuwa wachezaji walikuwa wamekwisha ahidiwa. Gavana! Watumishi wa serikali watapima wenyewe uzito wa jambo hilo: mtu aliyekuja kukabidhiwa sheria za jimbo lenye mamilioni ya wananchi alikuwa amewahi kushughulikia bahasha za wacheza mpira.

Watetezi wa mashabiki husema hiyo ilikuwa kashfa ya wachache, na kwamba shabiki wa kawaida hutoa kwa mapenzi bila kutazamia malipo. Jambo hilo lina ukweli kwa baadhi. Lakini katika vyuo vingi kiasi cha mchango ndicho kinachoamua nani aketi wapi uwanjani. Sheria ya kodi ya Marekani iliruhusu kwa takriban miaka 30 asilimia 80 ya mchango unaompa mtoaji haki ya kununua kiti ihesabiwe kuwa sadaka isiyotozwa kodi, mpaka sheria ya mwaka 2017 ilipoifuta ruhusa hiyo kuanzia 2018. Basi mwananchi asiyejua hata timu hiyo inacheza lini alikuwa akimsaidia tajiri kulipia kiti chake cha katikati ya uwanja. Huo si ufadhili wa masomo kwa kipimo chochote. Na ile Clemson ya dola 10 kwa mwaka, Septemba 2022 ilimpa kocha wake Dabo Swinney mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 115. Mpenzi wa timu wa mwaka 1934, aliyehesabu senti zake ili mtoto wa mkulima asome, angesoma hesabu hiyo mara mbili kabla ya kuiamini.

Tarehe 1 Julai 2021 mambo yalibadilika. Siku chache kabla, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeishinda NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston, na sasa wachezaji wakaruhusiwa kujipatia fedha kwa majina na sura zao. Mara moja mashabiki wakaunda vikundi vipya vya kuchanga, vyenye kazi ya kuwalipa wachezaji. Tarehe 6 Juni 2025 mahakama ikapitisha suluhu ya kesi ya House: wachezaji wa zamani walipwe takriban dola bilioni 2.8, na kila chuo kinachoshiriki kiweze kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 hivi katika mwaka wa kwanza. Kwamba mchezaji analipwa ni haki iliyochelewa, na hapana sababu ya kuinung'unikia. La kusikitisha ni mambo yaliyofuatana nayo. Idadi ya wachezaji katika timu imewekewa mipaka, na vijana wasio maarufu wakapoteza nafasi. Vyuo kadhaa vimefuta timu za michezo isiyojaza viwanja, kama tenisi na kuogelea. Fedha ya mashabiki imekwenda pale inapopenda kwenda siku zote, yaani kwa yule atakayeshinda Jumamosi.

Mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa Mbulu au wa Iten? Yanamhusu sana. Suleiman Nyambui, aliyeipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika chuo kikuu cha Texas huko El Paso. Hasheem Thabeet alicheza mpira wa kikapu Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili na timu za kulipwa mwaka 2009. Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81, jambo ambalo hata leo huwafanya wakimbiaji watikise vichwa. Rono huyohuyo alipitia miaka mirefu ya ulevi na ya kukosa makazi katika nchi ileile iliyomshangilia. Si haki kukibebesha chuo kimoja lawama yote ya maisha ya mtu mzima. Ila ni haki kuuliza ni nani, kati ya waliofurahia zile siku 81, aliyekuwa na wajibu juu ya siku zilizofuata.

Tena kijana wa kigeni yumo katika hali ngumu kuliko mwenzake Mmarekani. Viza ya mwanafunzi inambana sana katika kazi za malipo, hivyo fedha mpya za mashabiki kwa kawaida zinampita kando. Ufadhili wa masomo ndio ujira wake wote. Ukikatwa, hapotezi ada peke yake: anapoteza malazi, chakula, na punde hata haki ya kukaa nchini humo.

Basi barua yenye nembo ya kupendeza inapofika shuleni, na kocha wa ng'ambo anapoomba matokeo ya mtihani na sahihi ya mwalimu mkuu, furaha ya kijiji isiwe sababu ya kuisoma mbiombio. Yapo maneno ya kutafutwa ndani yake: kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au hadi kuhitimu, nani atalipa hospitali akiumia, na itakuwaje timu yenyewe ikifutwa. Mzazi anayeletewa karatasi ya Kiingereza mara nyingi hana mtu wa kumsomea isipokuwa mwalimu huyo. Kama maneno hayo hayamo, barua irudishwe kwa mwandikaji ayaongeze kwa maandishi, na sahihi ingoje.