Amonia: hatari ya umeme unaporudi

Mfanyabiashara anayelaza minofu ya sangara au kuku kwenye ghala la baridi huuliza bei na kama jenereta ipo. Ni wachache wanaouliza mtambo unafanya nini umeme unaporudi. Kwa nchi zetu, ambako kukatika kwa umeme si jambo geni, swali hilo ni la fedha.

Chukua mkasa wa Agosti 23, 2010, mjini Theodore, Alabama, Marekani. Ghala la Millard Refrigerated Services, lililokuwa likipakia kuku waliogandishwa kwenye meli za ng'ambo, lilikuwa limekosa umeme kwa zaidi ya saa saba siku iliyotangulia. Mafundi walipokuwa wakirekebisha mtambo baada ya hapo, mmoja alifuta kengele za hadhari kwenye kompyuta. Bila kujua, alikatiza kazi ya kuyeyusha barafu kwenye koili. Mtambo ukarudi kupoza moja kwa moja, ilhali koili ingali imejaa gesi ya moto yenye shinikizo. Gesi hiyo ilipokutana na amonia ya baridi kali, kishindo chake kilipasua koili na bomba la inchi 12 juu ya paa.

Zaidi ya tani 14 za amonia zilitoka. Watu zaidi ya 150 walifikiwa na gesi hiyo, 32 wakalazwa hospitali. Wengi hawakuwa hata wafanyakazi wa ghala. Walikuwa ng'ambo ya mto wakishughulikia usafi wa mafuta yaliyomwagika baharini mwaka huo. Na kwa wenye mzigo: kuku na vifungashio vya takriban tani 3,600 viliharibika.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, katika taarifa yake ya 2015, ilishauri mitambo ipangwe ili umeme ukirudi katikati ya kuyeyusha barafu, imalize kwanza hatua zote za kupunguza shinikizo. Pia ilisema uvujaji usiozibika haraka uzimiwe mtambo mzima. Kule Theodore walitafuta panapovuja huku mtambo unaendelea.

Hakuna sababu ya kuikimbia amonia. Inapoza vizuri na haichangii joto la dunia, na mkataba wa Kigali wa 2016 unabana gesi za HFC: kwa kundi kubwa la nchi zinazoendelea, zikiwemo Rwanda na Uganda, ukomo wa matumizi ulianza 2024. Kiwango cha kimataifa, ISO 5149, kipo. Lakini cheti ukutani hakimwambii mwenye mzigo kama fundi wa zamu ya usiku anajua kitufe cha dharura kilipo. Muulize mwenyewe.

Kwa madereva, jokofu la lori halitumii amonia. Hatari iko pale mnapopakilia. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, ila ikivuja ikiwa kimiminika huweza kufanya wingu jeupe linalotambaa chini. Ondoka kwa kukata upepo, usijifungie kwenye kabini wala kurudia nyaraka. Akikwambia mtu wa ghala kwamba harufu hiyo ni ya kawaida, kumbuka pua yake imeshazoea.

Kabla ya kusaini, soma bima: je, inalipa mzigo ulioguswa na amonia, au ule ulioyeyuka tu?