Usimnyang'anye Mzee Kipanya

Mpenzi msomaji, hebu tazama yanayotendeka jioni katika nyumba nyingi za mjini. Mzee ameketi mbele ya kompyuta akitaka kuandika barua ya chama. Mkono wake unatetemeka. Kile kishale kinaipita picha ya programu, kinarudi, kisha kinaipita tena. Panapotakiwa kubofya mara mbili upesi upesi, yeye anabofya mara moja. Ndipo mjukuu anapokuja mbio: "Lete, Babu, nikufungulie!" Kipanya kinanyakuliwa, programu inafunguka, naye Babu ananyamaza.

Kijana hakukusudia ubaya. Hata hivyo, ukimtendea mtu kila jambo, utamfunza kwamba yeye hawezi. Kesho Babu hataigusa mashine hiyo. Atangoja mjukuu atoke shuleni, na mjukuu akikawia, barua italala.

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kuamriwa ifungue programu kwa vitufe tu, bila kipanya? Kompyuta zitumiazo Windows zimekuwa na uwezo huu kwa miaka mingi, tangu kabla ya Windows 95 iliyotolewa mwaka wa 1995. Haulipiwi hata senti moja. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wetu hatujapata kuutumia.

Fanya hivi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R. Katika kisanduku kitakachotokea, andika shell:AppsFolder kisha ubonyeze Enter. Utaziona programu zote zilizomo. Ichague ile aipendayo mzee, ubofye kitufe cha kulia cha kipanya, kisha ubofye palipoandikwa "Create shortcut". Kompyuta itauliza kama picha hiyo iwekwe kwenye uso wa kwanza, ule uuonao mashine inapowaka. Kubali.

Sasa nenda kwenye uso huo wa kwanza, uichague picha hiyo mpya, na ubonyeze Alt pamoja na Enter. Tafuta palipoandikwa "Shortcut key". Bofya hapo, kisha ubonyeze herufi moja, tuseme B, ya barua. Kompyuta yenyewe itaandika Ctrl + Alt + B. Bonyeza OK. Kuanzia hapo, Babu akibonyeza vitufe hivyo vitatu kwa pamoja, programu itafunguka. Isipofunguka papo hapo, ngojeni kidogo kabla ya kubonyeza tena.

Pengine utasema, "Vitufe vitatu kwa mkono mmoja? Mama alipatwa na kiharusi, mkono wa kushoto haufanyi kazi." Hilo nalo lina dawa. Bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kompyuta itauliza kama unataka "Sticky Keys". Ukikubali, Mama ataweza kubonyeza Ctrl akaiachilia, akabonyeza Alt akaiachilia, kisha akamalizia na herufi. Kidole kimoja kinatosha. Mkumbushe tu kwamba akibonyeza viwili kwa mpigo, kwa kawaida mpango huo hujizima, na itambidi auwashe upya.

Iko njia nyingine iliyo nyepesi zaidi. Programu zilizobanwa kwenye ule ukanda wa chini huhesabiwa kuanzia kushoto. Kitufe cha Windows pamoja na 1 hufungua ya kwanza, pamoja na 2 hufungua ya pili, na kadhalika hadi 9. Zipange upendavyo, kisha usizihamishehamishe, maana ukibadilisha mpango utamvuruga mwenzako.

Tahadhari ni chache. Usiifute ile picha ya uso wa kwanza, kwani ukiifuta, vitufe vyake navyo vitakoma kufanya kazi. Usichague herufi ambayo tayari ina kazi nyingine. Katika Word, kwa mfano, Ctrl, Alt na C huandika alama ya hakimiliki. Na kama kompyuta ni ya nyumba nzima, kila mtu awe na akaunti yake, ili mipango ya mtoto wa michezo isigongane na ya mzee wa barua. Nanyi wanafunzi, kompyuta ya chuo au ya saiba si yenu. Msibadilishe kitu bila ruhusa.

Mkisha kutengeneza, chukueni kipande cha karatasi, mwandike kwa herufi kubwa: "BARUA: Ctrl, Alt, B." Kibandikeni kando ya kioo. Anzeni na programu mbili au tatu tu, kwani haba na haba hujaza kibaba. Ukimrundikia mzee kumi siku moja, hatakumbuka hata moja.

Kisha lifuate lililo gumu kwako wewe kijana: keti kando na utulie. Akikosea mara ya kwanza, ngoja. Akikosea mara ya pili, mwonyeshe karatasi, lakini mkono wako usiguse kibodi. Wakati ulipokuwa ukijifunza kufunga kamba za viatu, ni nani aliyekungoja mlangoni huku matatu ikiondoka?

Barua ikichukua saa nzima, na ichukue. Itakuwa yake, ameiandika kwa mkono wake.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.