Mafundi wa kinga, pimeni mtu kwanza

Leo siongelei usalama wala bei ya unga. Naongelea magoti.

Kila asubuhi, kwenye barabara inayotoka Nyunzu kuingia hapa Kalemie, kinga zinaingia na makala, mihogo na mafuta ya mawese. Simama pale nusu saa. Acha kuangalia mizigo, angalia watu. Utaona kijana mrefu anapiga pedali na magoti yake yanapanda karibu kufika kwenye kifua, kama mtu mzima aliyekalia kiti cha mtoto. Nyuma yake utaona mama mfupi anayumba kiuno kushoto na kuume, kwa sababu mguu wake haufiki chini pedali inaposhuka. Akitaka kusimama, hana namna ila kuruka.

Mama mmoja kati ya hao namfahamu. Alikimbia kijiji chake wakati machafuko ya Watwa na Waluba yaliposhika moto mwaka 2016, akakaa kambini, kisha akapanga chumba mjini. Alicheza likelemba na wenzake hadi zamu yake ilipofika, na pesa yote akaiweka kwenye kinga, ili aende mwenyewe kuchukua unga wa muhogo vijijini bila kungoja gari. Kinga ilikuwa nzuri kwa macho: imepakwa rangi mpya, mipira haijaisha. Lakini kadre, yaani mifupa yenyewe ya kinga, ilikuwa ya mwanaume mrefu. Alipouliza, muuzaji alimjibu neno moja: "Utazoea."

Hakuzoea. Wiki ya tatu, kwenye mteremko, alitaka kusimama akakosa ardhi. Ile tiyo ya juu ilimpiga pabaya, kinga ikamwangukia na mfuko mzima. Mkono ulikaa kwenye kitambaa zaidi ya mwezi. Kwa mama anayelisha watoto 4, mwezi bila mkono ni deni ambalo linaendelea mpaka leo.

Mimi nasema hivi: neno "utazoea" tulitoe kwenye biashara ya kinga. Kiatu kipya cha ngozi kinalegea ukikivaa. Tiyo ya chuma hailegei. Anayelegea ni mtu, na anaanzia kwenye goti.

Tuseme ukweli wa hapa kwetu. Kinga nyingi tunazonunua zimeunganishwa: kadre imetoka kwa huyu, gurudumu la mbele kwa yule, pedali zimetoka sokoni, gidoni imekatwa kwenye kinga iliyogongwa na lori. Hakuna ubaya. Kinga ya kuunganisha inaweza kuwa bora kuliko mpya, kwa sababu fundi ana nafasi ya kuchagua kila piesi kulingana na mtu atakayeipanda. Ni hapo tunapopoteza. Fundi anafunga piesi alizonazo, anamaliza, ndipo anatafuta mtu wa kumwuzia.

Kupima hakuombi mashine. Kwanza kadre. Panda katikati, tiyo ya juu ikiwa kati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini kabisa, bila kusimama kwa vidole. Kati yako na ile tiyo kunapashwa kubaki nafasi ya vidole vitatu hivi au zaidi. Kama tiyo inakugusa, rudisha, hata kama rangi inakupendeza. Kiti unaweza kukishusha, lakini tiyo ya juu hakuna fundi anayeishusha.

Kisha kiti. Kaa juu yake, mwenzako ashike kinga isianguke. Weka kisigino juu ya pedali, uizungushe hadi iwe chini kabisa. Mguu unapashwa kunyooka, na kiuno kisiiname upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo juu ya pedali, pale unapopigia kweli, goti litabaki limekunjika kidogo. Hicho ndicho kimo chako. Kiti kikiwa chini mno, maumivu yanakuja mbele ya goti. Kikiwa juu mno, yanakuja nyuma ya goti, na kiuno kinaanza kucheza kama cha yule mama niliyemtaja. Vijana wengi wanaokuja kuniambia "baridi ya usiku imeniingia magotini" hawana baridi yoyote. Wana kiti kilichoshuka kiganja kizima.

Nawasikia wapiga taksi ya kinga wakisema: sisi tunashusha kiti ili tukanyage chini haraka, kwa sababu tunabeba watu. Wana haki. Mwenye kubeba abiria au mzigo mzito nyuma anahitaji kugusa ardhi kwa vidole bila kuteremka. Basi ashushe upana wa vidole viwili, asishushe kiganja. Kuna tofauti kati ya kulipa kidogo na kulipa goti lote.

Kuna jambo moja linaloficha hatari. Mtu mrefu akikuta kadre fupi, fundi anavuta tiyo ya kiti juu hadi inakaribia kutoka. Tiyo nyingine zina alama inayoonyesha mwisho wa kuvuta. Kwa zile za zamani alama imefutika. Ndani ya kadre kunapashwa kubaki angalau vidole vinne vya chuma, na ncha yake ishuke kupita pale tiyo ya juu inapoungana na ya kiti. La sivyo siku moja, shimo moja, kiti kinavunjika na chuma kinabaki wazi chini yako. Vilevile tiyo za kiti hazilingani unene. Kuna ya milimita 25.4, kuna ya 27.2, na kati yake kuna nyingine nyingi. Mafundi wetu wanazungushia kipande cha kopo la maziwa ili ikae. Kipande kimoja kilichokatwa vizuri, sawa. Ukiona makopo matatu yamepangwa ndani, hiyo kinga inakudanganya, kiti kitakuwa kinashuka polepole kila siku na wewe hutajua kwa nini unachoka.

Sasa magurudumu, na hapa nina ugomvi kidogo na mafundi, ingawa ni marafiki. Wakimwona mteja mfupi na kadre kubwa, wanatoa magurudumu ya 28, wanaweka ya 26. "Mama, sasa imeshuka." Kweli imeshuka, karibu sentimita 3. Lakini kadre imebaki ndefu ileile, kwa hiyo mikono bado inanyooka hadi mabega yanauma. Na pedali zimeshuka pamoja na vingine vyote, sasa zinagonga mawe kwenye mifereji ya barabara. Mbaya zaidi, freni iliyotengenezwa kwa janti kubwa haifiki kwenye janti ndogo, hivyo inakamata mpira pembeni au haikamati kitu. Ukishafika kwenye mteremko ndipo unaelewa bei ya ule ujanja.

Tena hata 26 si lazima ilingane na 26 nyingine. Soma namba ndogo kwenye ubavu wa mpira wa nje. Zile kinga nzito za zamani za 28 nyingi zina namba 635, nyingine za 28 zina 622. Za 26 zenye mipira minene ya milimani zina 559, za 26 nyembamba mara nyingi zina 590. Hizo ni milimita za janti. Mpira wa 590 hautakaa kwenye janti ya 559 hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Kabla ya kutoa franka, linganisha namba za mbele na za nyuma, uziandike kwenye karatasi. Mpira ukiisha, utatuma mtoto sokoni na hiyo karatasi.

Angalia pia mikono ya pedali. Kwenye kinga ya kuunganisha, wa kushoto unaweza kutoka kwa mzungu mmoja na wa kuume kwa mwingine, mmoja una milimita 165, mwingine 170. Ni kitu kidogo, lakini kinarudia kila mzunguko, kutoka kijijini hadi sokoni. Pima kwa kamba. Na pedali ya kushoto inafunguka kinyume na bulo nyingine zote. Nimeona vijana wakiiharibu kwa nguvu zao wenyewe, kisha wanasema piesi ni mbovu.

Swali ambalo familia zilizohama zinaniuliza zaidi ni hili: sisi tuna kinga moja, na wapandaji ni baba, mama na kijana wa miaka 15. Tupime nani? Wengi wanajibu: baba. Mimi nasema chagueni kadre kwa kipimo cha mfupi kuliko wote, kisha mtafute tiyo ndefu ya kiti kwa ajili ya mrefu. Mrefu anaweza kupanda kadre fupi kiti kikivutwa juu. Mfupi hana dawa mbele ya kadre ndefu. Mkishapata kimo cha kila mmoja, pigeni alama kwenye tiyo ya kiti kwa msumari au kwa rangi ya kucha: mkwaruzo mmoja wa mama, miwili ya kijana, mitatu ya baba. Na kle ya ile bulo ikae ndani ya nyumba, kwa sababu bila kle hakuna atakayekigeuza.

Baba wengine wataona aibu kununua kinga "ndogo". Nawauliza tu: katika wiki, ni nani anayeipanda siku nyingi?

Kuhusu zile zenye tiyo iliyoshuka, zinazoitwa za wanawake, mabishano hayaishi. Wanaume wanasema hazibebi. Ni kweli kwamba kadre ya namna hiyo inapinda zaidi chini ya mzigo mzito. Lakini mama anayebeba mfuko mmoja wa unga, akiwa amevaa kitenge, atafika salama zaidi juu yake kuliko juu ya ile ya chuma kilichonyooka. Kama ni kubeba makala mifuko mitatu, hapo nakubaliana na wanaume.

Na wale wasiopanda kabisa, wanaosukuma? Nao wana kipimo. Ile fimbo inayofungwa kwenye gidoni ili kuongoza kinga ukiwa unatembea pembeni, wengi wanaiokota njiani. Ikiwa fupi, unatembea umeinama kilomita zote hizo, na mgongo ndio unaobeba. Fimbo ifike pale mkono wako unapokaa ukiwa umesimama wima na kiwiko kimekunjika kidogo. Kabla ya kuifunga, pakia mzigo kwanza, kwa sababu mifuko ndiyo inayokusukuma mbali na kinga.

Mafundi watanijibu, na wamekwisha kunijibu: "Yaya, wewe unaandika tu. Kadre fupi tutazitoa wapi? Kinachokuja kwenye boti ndicho tunachofunga." Naelewa. Kadre fupi ni chache, na mteja mwenyewe anafika na haraka, ana pesa ya leo ambayo kesho italiwa. Lakini kuna kitu hakigharimu franka hata moja: kumwambia mtu ukweli. "Mama, hii si yako. Acha jina, kadre fupi ikifika nitakuita." Fundi mmoja karibu na soko ameanza kufanya hivyo. Amefunga kamba yenye mafundo kwenye mti wa kibanda chake, mteja anapimwa mguu kwa ndani, kutoka ardhini hadi juu, kabla ya kuonyeshwa kinga. Wenzake walimcheka. Sasa nimeona watu wanatoka kartie nyingine kumfuata yeye.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaogawa kinga kwa wahami na kwa waliofukuzwa na maji ya ziwa. Tunawashukuru, kinga imesimamisha nyumba nyingi hapa. Lakini zikifika zote za kimo kimoja, zimepangwa vizuri kwa ajili ya picha, nusu yake mtazikuta sokoni mwezi ujao. Kisha watu watasema wahami wanauza msaada. Mimi nilimwuliza mmoja aliyeuza. Alinisimamisha pembeni ya ile kinga: kiti, hata kikiwa kimeshuka hadi mwisho, kilimfika juu ya kiuno. Kabla ya kuagiza, andikeni kwenye orodha, kando ya jina, urefu wa mguu. Mnaandika umri, kijiji, idadi ya watoto na alama ya kidole. Kamba ya mita moja na nusu inatosha.

Yule mama wa likelemba amebadilisha kinga yake na ya jirani mrefu, akaongeza kuku wawili. Jumanne nilimwona anateremka kutoka upande wa Nyunzu na mfuko wake. Kabla hajanisalimia alisimama, akaweka miguu yote miwili chini.