Safu Ipi Ipunguzwe? Istilahi za Usanifu wa Gazeti Zianzie Mezani Petu

Usiku mmoja, gazeti la wanafunzi nililokuwa nikisaidia kulihariri lilikuwa limebakiza saa chache kupelekwa kwa mpiga chapa. Mhariri aliutazama ukurasa wa nne, akaona maandishi yamebanana, akamwambia msanifu, "Punguza safu hapo." Alikusudia kwamba ukurasa uliogawanywa katika safu nne ugawanywe katika tatu. Msanifu alielewa vingine, akaiondoa safu ya mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa akituandikia kila toleo. Gazeti lilipotoka, mwandishi huyo aliamini kuwa amenyamazishwa kwa sababu ya maoni yake kuhusu uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Tulimwomba radhi. Hata hivyo, hakutuandikia tena.

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulio Kakamega, ambao si wageni wa mapigano ya fahali kule Khayega, hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Neno safu limebeba maana mbili katika chumba kimoja cha kazi: mgawanyo wa wima wa ukurasa, na makala ya kila toleo ya mwandishi mmoja. Hoja yangu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kujiundia msamiati thabiti wa usanifu wa kurasa, na kwamba mahali pa kuuundia ni meza ile ile tunapopangia gazeti.

Hali ilivyo ni ya kusikitisha. Habari tunaziandika kwa Kiswahili sanifu, na makosa ya upatanisho wa kisarufi tunayasahihisha kwa bidii. Lakini tukishaketi mbele ya kompyuta kupanga kurasa, ndimi zetu hubadilika: mara hedilaini, mara kapsheni, mara leiauti. Ilhali kichwa cha habari, maelezo ya picha na mpangilio wa kurasa ni maneno tuliyo nayo tangu zamani. Pambizo nalo limo katika kamusi zetu, likingoja wa kulitumia.

Sisemi kwamba kukopa ni kosa. Gazeti ni neno la mkopo kutoka Ulaya. Kurasa na tahariri yana asili ya Kiarabu. Chapa lilitufikia kutoka Bara Hindi. Fonti nalo limeshazoeleka, na sioni haja ya kulifukuza. Magazeti ya Kiswahili yana historia ndefu: Kiongozi lilichapishwa Tanga kuanzia mwaka 1904, Mambo Leo likaanza Tanganyika mwaka 1923, na Baraza likasomwa hapa Kenya tangu 1939 hadi 1979. Kazi ya kupanga herufi za Kiswahili kwenye ukurasa, basi, ina umri unaozidi karne moja. Kinachonikera ni uvivu wa kukopa neno ambalo tayari tunalo.

Wako watakaouliza: je, jina la kitu lina uzito gani iwapo kazi inafanyika? Lina uzito, kwa kuwa ukurasa wa Kiswahili una mahitaji yake. Chukua ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Silabi zetu aghalabu huishia kwa irabu, hivyo wanafunzi hukatwa wa-na-fu-nzi. Programu inayofuata kanuni za Kiingereza huweza kukata wanafun-zi, au hata kuligawa jina la mji wetu kuwa Kakam-ega. Chukua pia vichwa vya habari. Nafasi ikiwa finyu, mhariri wa Kiswahili huandika "Wanafunzi wagoma" badala ya "Wanafunzi wamegoma", akaokoa herufi mbili kwa kubadilisha kiambishi tu. Hapo sarufi na usanifu vimekutana. Anayejifunza usanifu kwa Kiingereza pekee hataambiwa jambo hilo na yeyote.

Napendekeza tuanze na maneno machache. Mgawanyo wa wima wa ukurasa uitwe safuwima, neno ambalo tayari linatumika katika programu za kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Safu ibakie kuwa makala ya mwandishi wa kila toleo. Nafasi nyembamba itenganishayo safuwima mbili tuiite ujia, kama njia ndogo ipitayo kati ya nyumba na nyumba. Sehemu iliyoachwa bila maandishi wala picha iwe nafasi tupu. Tuseme herufi nzito na herufi za mlazo. Kichwa cha habari kisichanganywe na jina la gazeti lililo juu ya ukurasa wa kwanza. Mwenye neno bora kuliko haya na alilete. Nitakuwa wa kwanza kulitumia.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba vyumba vingi vya habari hufanya kazi kwa Kiingereza, na mhitimu atapotea. Jibu langu ni kuwa ajue istilahi za lugha zote mbili. Kujua cha jirani hakumzuii mtu kujua cha kwao. Ya pili ni kwamba kuunda istilahi ni kazi ya vyombo rasmi, kama ilivyo BAKITA nchini Tanzania tangu mwaka 1967. Naam, usanifishaji ni wao. Lakini chombo husanifisha maneno yaliyokwisha kutumika mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa hapa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Hadhi hiyo haitatusaidia tukishindwa kuelekezana kwayo namna ya kupanga ukurasa mmoja. Naomba chama chetu kibandike orodha ya istilahi ukutani kabla ya toleo lijalo kuanza kupangwa, na wahadhiri wetu wazitumie wanaposahihisha kazi za wanahabari chipukizi. Neno likishindwa kazini, tulibadilishe. Na siku mhariri atakaposema, "Punguza safuwima," asiwepo mwandishi atakayelala akidhani amefukuzwa.